Presha ya Bibi na Simu ya Mjukuu

Siku hizi vijana wetu walioko Mbeya na Dar es Salaam huwaletea wazazi wao mashine za kupimia presha zinazopeleka namba kwenye simu bila waya. Baadhi ya wazazi hudhani namba hizo zinafika moja kwa moja kwa mtoto mjini, au hata kwa daktari. Sivyo, na kutoelewa jambo hili kunaweza kugharimu uhai.

Mashine hizo hutumia mawimbi ya redio yenye nguvu ndogo, yaitwayo Bluetooth. Mwaka 2010 ilitolewa aina yake inayotumia umeme kidogo zaidi: kifaa hulala, huamka kwa kitambo kutoa habari, kisha hulala tena. Ndiyo maana kifaa kidogo huweza kukaa miezi mingi kwa betri ya mviringo kama ya saa. Lakini mawimbi hayo hufika karibu tu, kwa kawaida mita 10 hivi, na ukuta wa tofali huyapunguza. Kutoka kwenye simu hadi mjini, namba husafiri kwa mtandao wa simu, nao huhitaji chaji na salio.

Tuchukue mfano. Bibi hapa Matamba anajipima asubuhi, na mjukuu mwenye simu yuko gulioni anauza viazi. Mashine nyingi hutunza namba mpaka simu irudi, lakini siku hiyo mtoto mjini haoni kitu, naye anadhani mama hajambo. Au mjukuu anajipima kwa mchezo, na namba zake nzuri zinaingia kama za bibi. Mashine haijui mkono ni wa nani.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Andika namba kwenye daftari pia, pamoja na tarehe.

2. Kabla ya kupima, keti ukitulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, bila sweta. Baridi yetu huweza kupandisha presha, hivyo pimia penye joto. Lakini usijifungie ndani na jiko la mkaa, hewa yake huua.

3. Namba zikiwa 140/90 au zaidi mara kwa mara, nenda kituo cha afya, au hospitali kama ile ya Consolata Ikonda. Usiache wala kuongeza dawa kwa kufuata simu.

4. Zikifika 180/120, pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Msisubiri mtoto apige simu.

Nanyi vijana mlio mbali, mashine mliyonunua ni zawadi njema. Ila simu ikikaa kimya, msidhani kimya hicho ni uzima. Pigeni, mzungumze na mama mwenyewe.