Nafasi ya Jamii katika Elimu ya Awali: Mfano wa Mwambao wa Kilifi na Malindi

Utangulizi

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Methali hii hutajwa mara nyingi katika hotuba za elimu, lakini ni nadra kuulizwa swali linaloifuata: ni nani hasa anayepaswa kumkunja samaki huyo, na kwa gharama ya nani? Katika mwambao wa Kenya, kuanzia Mtwapa hadi Malindi na Magarini, swali hili lina historia ndefu. Makala haya yanafafanua jinsi jamii za Pwani zilivyoubeba mzigo wa elimu ya watoto wadogo, na kuonyesha kwa nini mchango wao haufai kukoma pale serikali inapoingia.

Chimbuko

Kabla ya shule za kisasa, watoto wa Waswahili walianza masomo chuoni, yaani katika madrasa ya Kurani. Neno chuo, ambalo msomi wa leo hulihusisha na chuo kikuu, bado lina maana hiyo ya awali katika mitaa ya kale ya Pwani. Chuo hakikutegemea serikali; mwalimu aliishi kwa ada ndogo na heshima ya wazazi. Kwa upande wa Wamijikenda, kituo cha wamishenari kilichoanzishwa Rabai na Krapf na Rebmann mwaka 1846 kiliingiza elimu ya darasani. Baada ya uhuru wa 1963, wito wa Harambee uliwahimiza wananchi kujijengea shule, zikiwemo za chekechea. Kwa miaka mingi serikali ilijishughulisha zaidi na mitaala na mafunzo ya walimu, hali mishahara ya walimu wa chekechea ilitoka mifukoni mwa wazazi.

Mpango wa Madrasa

Mfano bora wa uwekezaji wa jamii ni Mpango wa Madrasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Pwani walimweleza Aga Khan wa Nne wasiwasi wao kuhusu watoto waliobaki nyuma kimasomo. Wakfu wa Aga Khan ukaanza majaribio Mombasa, na mwaka 1986 shule ya awali ya kwanza ikafunguliwa ndani ya madrasa, Bi. Swafiya Said akiwa mwasisi wa mtaala wake. Mpango ulienea sehemu nyingine za Pwani, Kilifi ikiwemo, kisha Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Hatimaye shule zake zilizidi 200 katika nchi hizo tatu.

Nguzo ya mpango huo ilikuwa makubaliano. Jamii ilitoa chumba au kiwanja, ikachagua kamati yenye wanaume na wanawake, ikapendekeza kina mama wa mtaani wafunzwe ualimu, na ikakubali kulipa karo. Kituo cha mafunzo nacho kiliwaelekeza walimu kwa muda maalumu kabla ya kuiacha shule isimame yenyewe. Vifaa vya kuchezea vilitokana na mazingira: vifuu vya nazi, kombe za baharini, mbegu na ukili. Kwa kuwa karo pekee haikutosha, jamii ziliweka akiba katika mfuko, mpango ukaongezea, na faida yake ikaisaidia shule. Utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg uliochapishwa mwaka 2008 ulibainisha kwamba watoto waliopitia shule za awali waliwapita waliobaki nyumbani katika maendeleo ya akili, na wale wa shule za Madrasa wakawapita hata wenzao wa shule nyingine za awali.

Mabadiliko ya 2003 na 2010

Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi mwezi Januari 2003, elimu ya awali iliachwa nje. Mzazi maskini akawa na njia mbili: kulipa karo ya chekechea, au kumweka mtoto nyumbani hadi afike umri wa kuanza darasa la kwanza bila malipo. Wengi walifuata njia ya pili. Watoto wakaingia shuleni bila maandalizi, na walimu wa chekechea wakakosa ujira. Nafuu ya ngazi moja ikawa hasara ya nyingine.

Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya awali. Tangu 2013, Kaunti ya Kilifi, inayojumuisha zilizokuwa wilaya za Kilifi na Malindi, ina wajibu wa kujenga madarasa hayo na kuajiri walimu wake. Hii ni hatua kubwa, hasa kwa sehemu kame kama Ganze, ambako karo ya mwezi hushindana na bei ya unga. Hata hivyo, ina hatari yake: shule ikishaitwa ya serikali, mzazi huweza kujiona mgeni ndani yake.

Suala la lugha

Kuna jambo ambalo jamii pekee inaweza kulitoa, nalo ni lugha. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya imependekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa ya mwanzo. Katika mji wa Malindi lugha hiyo ni Kiswahili; bara ya Kilifi ni Kigiriama na ndugu zake. Lugha hizi ni za kundi moja la Kisabaki, na ukaribu wao ni daraja: anayesema madzi hawi mbali na maji. Lakini anayejiita muhoho hawezi kukisia kwamba mtoto ni yeye. Daraja hilo huhitaji mwalimu anayezijua kingo zote mbili, na nyimbo, vitendawili na ngano za wazee wa mahali hapo.

Hitimisho

Serikali inaweza kulipa mshahara na kuezeka paa, na sharti ifanye hivyo, kwani Harambee isiyo na kikomo huwatwisha maskini mzigo mzito zaidi. Lakini kamati inayouliza mwalimu yuko wapi, mama anayekoroga uji na bibi anayetega kitendawili havinunuliwi kwa bajeti. Mkono mmoja haulei mwana. Ukiingia wa serikali, wa jamii usiondoke.