Kusoma Rangi za Kolo Bila Kuzigusa

Msafiri atokaye Kondoa kwenda Babati hupita kijiji cha Kolo, na si mbali na barabara kuna vilima vyenye miamba mikubwa iliyoinama mfano wa paa la baraza. Chini ya mapaa hayo ya mawe watu wa kale walichora twiga, tembo, pofu, na watu wembamba wenye vichwa vya maumbo ya ajabu. Michoro ya zamani zaidi ni ya rangi nyekundu na mistari yake ni myembamba. Juu yake mara nyingi imepakwa michoro mingine, mizito na myeupe, inayodhaniwa kuwa kazi ya wakulima waliokuja baadaye. Mwaka 2006 eneo hili, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 2,336 na miamba yenye michoro zaidi ya 150, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Michoro hiyo inafifia. Jua, upepo na maji ya mvua hufanya kazi yao. Nyigu hujenga viota vya udongo juu ya twiga. Mbuzi hujisugua ukutani. Moshi wa wachungaji hupaka masizi. Hata hivyo ingekuwa si haki kuwalaumu nyigu na mbuzi peke yao. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, wageni na hata wataalamu walikuwa na desturi ya kuimwagia michoro maji ili rangi ing'ae na picha itoke vizuri. Picha ilitoka vizuri, lakini maji yalipokauka yaliacha chumvi juu ya rangi, na kila mara ukungu mweupe ulizidi kuwa mzito. Na aliyetaka kujua rangi imetengenezwa kwa nini, alibandua kipande cha mwamba akaenda nacho.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilionyeshwa kipande kama hicho ndani ya mtoto wa meza, chenye ukubwa wa kiganja na alama nyekundu upande mmoja. Karatasi iliyobandikwa juu yake ilitaja jina la nchi tu. Mwamba wenyewe haukutajwa, wala haikujulikana kama alama ile ilikuwa mguu wa mnyama au mkono wa mtu. Hakuna kipimo kinachoweza kukirudishia kipande hicho maana yake.

Siku hizi iko njia nyingine. Maabara iliyokuwa ikijaza chumba kizima imepunguzwa hata ikawa chombo cha kushikwa mkononi, chenye uzito wa kilo mbili hivi na umbo linalofanana na mashine ya kutobolea mbao. Mtafiti hukielekeza kwenye rangi, kinywa chake kikiwa milimita chache kutoka ukutani, naye hungoja dakika moja au mbili. Chombo hutoa mionzi ya eksirei. Atomi ipigwapo na mionzi hiyo hupoteza elektroni mojawapo ya ndani. Elektroni ya nje hushuka kuijaza nafasi ile, na katika kushuka hutoa mionzi yake yenyewe yenye nguvu maalumu. Nguvu hiyo hutofautiana kwa kila elementi, nasi huitambua elementi kama tumtambuavyo mtu gizani kwa sauti yake. Chombo kikisikia sauti ya chuma, yaelekea rangi ile nyekundu ni ngeu, yaani udongo wenye oksidi ya chuma.

Nasema yaelekea, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Tabaka la rangi ni jembamba sana, na mionzi hulipenya hata kuingia katika jiwe lililo nyuma, ambalo nalo huwa na chuma. Kwa hiyo hapana budi kupima kwanza mwamba mtupu palipo karibu na mchoro, mara nyingi na mahali pengi, kisha kulinganisha. Aidha, chombo hiki ni kiziwi kwa elementi nyepesi. Kaboni hakiisikii kabisa, na kwa sababu hiyo hakiuoni mkaa.

Hata uziwi huo una faida kwa mtu mwenye kufikiri. Katika makorongo ya mto Pecos, jimbo la Texas nchini Marekani, watafiti waliipima rangi nyeusi ya michoro ya kale wakakuta manganizi. Basi weusi ule ulitokana na madini, haukuwa wa mkaa. Jambo hili si dogo. Mkaa una kaboni ambayo kwayo umri hupimwa. Manganizi haina, isipokuwa kama yamesalia mafuta au majimaji ya mimea yaliyochanganywa nayo. Anayejua hayo mapema hatabandua punje ya rangi akitarajia jibu ambalo punje hiyo haina.

Chombo cha pili hutumia mwanga wa leza. Mwanga huo ukigonga rangi, sehemu ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika kidogo kufuatana na jinsi molekuli zinavyotikisika. Mahali ambapo chombo cha kwanza husema "kalisi" tu, hiki huweza kupambanua kama kalisi hiyo ni jasi, ni chokaa, au ni oksaleti. Kwa michoro myeupe ya Kondoa tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Pimbi wanaoishi katika nyufa za miamba huacha mikojo yenye kalisi nyingi, nayo ikikauka huwa michirizi myeupe. Yupi ni mchoro wa mkulima na upi ni mchirizi wa pimbi? Anayesafisha ukuta kabla ya kuuliza swali hili anaweza kufuta alichotumwa kukihifadhi. Ni kweli kwamba leza ina udhaifu wake: mwanga wa jua huisumbua, na mara nyingi mtafiti hulazimika kujifunika shuka jeusi pamoja na chombo chake, jambo linalowafurahisha sana watoto wa kijijini.

Vyombo hivi bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Kamera sivyo. Mwaka 2005 Mmarekani Jon Harman alitengeneza programu iitwayo DStretch, inayotanua tofauti ndogo za rangi ndani ya picha ya kawaida mpaka mstari usioonekana kwa macho utokeze. Haihitaji tone la maji. Kwa maoni yangu kila ofisi ya mambo ya kale yafaa ianze na hiyo.

Limebaki jambo moja lisilo la fizikia. Karibu na Kolo watu wamewahi kuchimba wakitafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Wajerumani wakati wa vita. Chombo cha eksirei ni kilekile kitumiwacho na wachimbaji wa madini. Mgeni akionekana anakielekeza mwambani bila kujieleza, baada ya wiki moja majembe yatafika. Tena mwamba wa Mungomi wa Kolo ungali mahali pa matambiko. Warangi huenda huko kuomba mvua na uponyaji, na pombe hunyunyizwa. Wako wataalamu wanaotaka desturi hiyo ikomeshwe kwa ajili ya rangi. Mimi siafiki: mahali hapo pamelindwa na wazee muda mrefu kabla ya sisi kufika na betri zetu. Wazee waombwe ruhusa kwanza, waonyeshwe namba zikitokea kwenye kioo cha chombo, na waulizwe ni sehemu gani ya ukuta hunyunyiziwa na lini, ili sehemu hiyo ipimwe kabla na baada. Kila alama iliyopimwa itiwe katika picha pamoja na jina la mwamba, na nakala moja ibaki Kolo.