Jiwe la Tabaka na Geti la Chuo Kikuu

Tupitapo geti la Chuo Kikuu cha Kisii wengi wetu hudhani ni la wenye digrii tu. La hasha! Mwaka wa 1937 Bi. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Kampala, barazani kwake. Mnamo 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe, na 1939 zikafika London. Darasa hilo likawa shule ya sanaa ya Makerere. Baadaye alisoma Makerere Elkana Ong'esa wa Tabaka, ambaye ndege wake wa jiwe yuko makao makuu ya UNESCO, Paris.

Sasa, maonyesho yana faida gani? Mjomba wangu huchonga kiboko kwa panga na kisu, sisi tunamsugua kwa msasa na maji, kisha broka anamchukua kwa bei ya kutupa. Jina la mchongaji halijulikani. Kwenye maonyesho, kila kazi hubandikwa karatasi: jina la msanii, jiwe, mwaka. Watu huuliza, msanii hujibu mwenyewe.

Mjomba alinicheka nilipomweleza haya. Lakini juzi nilimpindua kiboko mpya, nikakuta jina lake tumboni, limekwaruzwa kwa msumari.