Je, Wajua? Dhahabu Hufumba Jicho

Je, wajua kwamba dhahabu, ileile inayotafutwa Geita kwa sururu na karasha za kusaga mawe, hutumika hospitalini kumfumba mtu jicho? Mgonjwa ambaye kope yake ya juu haishuki huchanjwa kidogo kwenye kope hiyo, daktari akapachika ndani kibamba cha dhahabu safi, kisha akashona. Kwa kawaida uzito wake hauzidi gramu moja na nusu hivi. Kwa wanaofika kwenye soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, gramu moja si mzigo: ni kitu chenye ukubwa wa punje mbili tatu za mchele. Lakini dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, kwa hiyo kibamba hulemea bila kuwa kinene. Mtu akilegeza jicho, kope hushuka kwa uzito huo. Akitaka kutazama, msuli wa kuinua kope, ambao bado ni mzima, huinyanyua. Tena dhahabu haishiki kutu, na mwili wa watu wengi huivumilia.

Ugonjwa wenyewe una jina la mnyama. Madaktari huuita lagofthalmosi, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake jicho la sungura, kwani watu wa kale waliamini kwamba sungura hulala macho wazi. Sisi tuliolelewa na hadithi za sungura mjanja hatushangai. Sato wa Ziwa Victoria yeye hana kope kabisa, ila jicho lake limo majini usiku kucha. Jicho la binadamu halina ziwa. Lina machozi tu, na machozi yasipotandazwa hukauka.

Mchana tunapepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Kila kope ikishuka hutandaza utando wa mafuta, maji na ute. Mafuta hutoka kwenye vitundu vidogo vilivyopangana kwenye ukingo wa kope, nyuma ya nywele zake, nayo ndiyo huzuia maji yasipotee hewani upesi. Usiku machozi hupungua sana, maana mwili unategemea kwamba mlango umefungwa. Ukibaki mwanya wa milimita mbili, kioo cha jicho hukaa kwenye hewa hadi kunakucha. Ndiyo maana mwenye shida hii huumia zaidi alfajiri: anaamka kama aliyelala na mchanga machoni, jicho jekundu, mwanga unamchoma. Ikifika saa 4 asubuhi amepata nafuu, na safari ya kliniki inaahirishwa.

Mara nyingi mwenyewe hajui. Anayejua ni yule wanayelala chumba kimoja. Saa 8 usiku mulika tochi pembeni, si usoni, uangalie: utauona ukanda mweupe kati ya kope mbili. Weupe huo umewatisha wengi, wakadhani mtu amezimia au amepandisha mashetani. Kumbe ni kinga. Tukifumba macho, mboni hugeuka juu na kujificha chini ya kope. Daktari Mskoti wa karne ya 19, Charles Bell, aliueleza mwendo huo, na jina lake limebaki pia kwenye ule ugonjwa wa kupooza upande mmoja wa uso ambao mitaani husemwa mtu kapigwa na upepo mbaya. Wengi wa wanaoupata hupona ndani ya wiki au miezi michache, mradi jicho lilindwe wakati wa kungoja. Watoto wachanga nao wapo wengi wanaolala hivyo bila madhara.

Ukoma ni mbaya zaidi. Unaweza kuharibu mshipa wa fahamu unaofunga kope, na pia ule unaoleta maumivu, hivyo jicho likakauka na kutoboka pasipo kuuma. Dawa zake ni za bure na hunywewa miezi 6 hadi 12.

Macho mekundu sasa yanipeleke Shinyanga, na hapa naomba nikae kidogo. Kwa miongo mingi vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa mapanga wakiitwa wachawi, macho mekundu yakishikwa kuwa ushahidi. Macho yale yana chanzo kinachoonekana. Misitu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hadi kuni zikawa adimu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), na ngitili nyingi, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa, zikafufuliwa. Lakini mama aliyekuwa ameshapikia mabua, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka 40, akiinamia mafiga ndani ya jiko lisilo na dirisha, moshi ulikuwa umeshamwingia. Juu ya moshi weka vikope, ambavyo huacha makovu, na uzee, ambao hulegeza kope hadi zishindwe kufunga vizuri. Bibi huyo alihitaji dawa ya macho. Akaletewa panga.

Dawa ya jicho lisilofumba haina makuu. Mchana ni matone ya machozi ya bandia, usiku mafuta mazito ya kulainisha macho. Yakishapakwa, kope hufumbwa kwa kidole na kubandikwa plasta laini ya karatasi. Hakikisha jicho limefunga kwelikweli, maana plasta au kitambaa kikigusa kioo cha jicho kitakikwaruza. Feni igeuziwe ukutani. Anayefanya kazi kwenye vumbi la karasha avae miwani ya kujikinga. Majani yaliyotwangwa, maziwa ya mama na matone yoyote yenye steroidi yaliyonunuliwa bila kupimwa yasiingie jichoni kamwe. Jicho likiwa na doa jeupe au likianza kufifia kuona, usingoje kesho: nenda hospitali, na wakikupa rufaa ya Bugando, Mwanza, safiri.

Dhahabu nayo ina udhaifu mmoja. Inafanya kazi kwa kuvutwa chini, na mtu akilala chali hakuna tena cha kuivuta kuelekea shavuni. Inaweza hata kurudi nyuma na kuacha mwanya. Kwa hiyo aliyewekewa dhahabu kwenye kope bado hupaka mafuta usiku, na hulala kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili.