Kibanda cha kupachika kwenye pikapu: pima uzito kabla ya kupima uzuri

Timu za afya, watafiti na wasafiri wanaotoka Kampala kwenda wilaya za mbali wanaweza kupata kitanda, kivuli na mahali pa kazi nyuma ya pikapu yao. Hata hivyo, kibanda kisicholingana na gari huhatarisha maisha ya waliomo. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua.

Kilima cha Mulago, kaskazini mwa jiji la Kampala, hujulikana kwa wagonjwa wanaokipanda kila siku kutoka pande zote za Uganda. Wasioonekana sana ni wale wanaokishuka: wauguzi, madaktari na wataalamu wa maabara wanaopanda magari na kuelekea mikoani kupima saratani, kutoa chanjo au kufuatilia wagonjwa waliokwisha kurudi makwao. Kutoka Mulago hadi Moroto, Arua au Kisoro ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na mara nyingi kijiji kinachokusudiwa kiko mbali zaidi, nje ya lami, ambako hakuna nyumba ya wageni wala chumba chenye mlango wa kufungwa.

Kwa safari za namna hiyo, suluhisho mojawapo ni kibanda cha kupachika: chumba kidogo kinachokaa juu ya bodi ya nyuma ya pikapu na ambacho, mkifika, huweza kuinuliwa kwa jeki na kubaki kimesimama peke yake huku gari likiendelea na kazi nyingine.

Somo la safari ya 1961

Mulago ina historia yake katika jambo hili. Mwezi Oktoba 1961, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, aliondoka Kampala pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson. Walitaka kujua ni wapi barani Afrika uvimbe fulani wa taya uliokuwa ukiwaua watoto ulipatikana, na ni wapi haukupatikana. Walisafiri kwa muda wa wiki kumi, takriban maili 10,000, yaani kilomita 16,000, wakazuru zaidi ya hospitali 50 mashariki na kusini mwa Afrika.

Gari lao lilikuwa Ford kuukuu aina ya stesheni wagoni, iliyoundwa mwaka 1954. Halikuwa gari la fahari, lakini Williams alikuwa stadi wa mitambo na alilijua vizuri. Ramani iliyotokana na safari hiyo ilisaidia kuonyesha kwamba ugonjwa huo, ambao leo hujulikana kwa jina la Burkitt, ulifungamana na maeneo yenye joto na mvua. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilianzishwa hapo Mulago, na ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Funzo kwa msafiri wa leo ni jepesi: gari la kazi huchaguliwa kwa kile linachoweza kukibeba na kukirudisha nyumbani salama, na kwa jinsi linavyoweza kutengenezwa njiani.

Kinatofautianaje na gari lililogeuzwa?

Gari lililogeuzwa kuwa kliniki au nyumba hubaki hivyo siku zote. Likiharibika injini, kliniki nayo husimama. Kibanda cha kupachika kina miguu minne yenye jeki. Timu ikifika kijijini, hukiinua, huondoa pikapu chini yake, kisha hukishusha karibu na ardhi. Tangu hapo pikapu iko huru kwenda kumchukua mama mjamzito, kufuata maji au kurudi mjini kutafuta dawa, na kazi ndani ya kibanda haikatizwi. Timu ikirudi Kampala, kibanda huachwa uani na pikapu huendelea na shughuli za kila siku.

Faida hiyo ina gharama zake. Miguu, jeki na sakafu imara huongeza kilo, na kibanda kikiwa juu ya bodi huliinua gari lote. Ndiyo maana uchaguzi huanza na uzito.

Hesabu ya kwanza: gari linaruhusiwa kubeba kiasi gani?

Kila pikapu ina kiwango cha juu cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji, na kwa kawaida huandikwa kwenye bamba au karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango. Ondoa uzito wa gari tupu likiwa na tangi lililojaa. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba. Kwa pikapu nyingi za kawaida, kama vile Toyota Hilux, kiasi hicho hukaribia tani moja.

Tani moja huonekana nyingi mpaka pale inapogawanywa. Chukua mfano wa dabo kebini inayoruhusiwa kubeba kilo 1,000. Watu wanne wenye wastani wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 280. Lita 60 za maji ni kilo 60. Jokofu dogo la chanjo pamoja na betri yake tuseme kilo 60. Vifaa vya kazi 100, gurudumu la pili la akiba pamoja na zana 50, chakula na mabegi 80. Jumla ni kilo 630. Kinachobaki kwa kibanda chenyewe, pamoja na vitanda, makabati, paneli ya sola na jeki zake, ni kilo 370 tu.

Vibanda vingi vyenye jiko, choo na kuta nene huzidi kiasi hicho kabla hata ya kutiwa tone la maji. Muuzaji akitaja uzito, uliza kama ni wa kibanda kitupu au kilichokamilika. Njia ya hakika ni kukipeleka gari kwenye mizani likiwa tupu, kisha likiwa limepakiwa kila kitu pamoja na watu, na kulinganisha namba hizo mbili na ile ya mtengenezaji.

Baadhi ya mafundi humwambia mteja kwamba kuongeza springi kunamaliza tatizo. Si kweli. Springi ngumu zaidi hulizuia gari lisikae chini kwa nyuma, lakini hazibadilishi uwezo wa breki, ekseli, matairi wala chasisi. Gari lililozidishiwa mzigo linaweza kuonekana limesimama sawasawa, na bado likashindwa kusimama kwenye mteremko.

Hesabu ya pili: uzito unakaa wapi?

Kilo zilezile zinaweza kuwa salama au hatari, kutegemea mahali zilipo. Kanuni ni kwamba kitovu cha uzito wa kibanda, yaani mahali ambapo kingesimama sawa kama kingening'inizwa, kiwe juu ya ekseli ya nyuma au, bora zaidi, mbele yake kidogo.

Kikikaa nyuma ya ekseli, kibanda hufanya kazi kama mtu mzito kwenye ncha ya bembea la mbao: upande wa pili huinuka. Umbali kati ya ekseli mbili za Hilux ni takriban mita 3.1. Mzigo wa kilo 500 ambao kitovu chake kiko sentimita 40 nyuma ya ekseli hupunguza takriban kilo 65 kwenye magurudumu ya mbele na kuziongeza kwenye ya nyuma, ambayo sasa hubeba kilo 565. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yakiwa mepesi, usukani hulegea, hasa kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua.

Hapa ndipo aina ya kebini inapokuwa jambo kubwa. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa takriban mita moja na nusu tu, hivyo kibanda cha mtu kulala kwa urefu hutokeza nyuma. Mzigo huo ukitikiswa kwenye mashimo kwa mamia ya kilomita, chasisi inaweza kupinda nyuma ya kebini. Bodi ya kebini moja hufikia takriban mita 2.3, na hubeba kibanda kirefu bila kukitokeza sana. Gharama yake ni viti: watu wawili au watatu mbele, basi. Ieleweke pia kwamba kibanda si mahali pa abiria wakati gari linatembea.

Urefu wa kwenda juu nao una hatari zake. Kibanda ambamo mtu mzima anaweza kusimama hulifanya gari likaribie mita tatu kutoka ardhini. Katika kona za milima ya Kabale na Kisoro, gari la namna hiyo huegemea upande. Vibanda vyenye paa la kuinuliwa, lililounganishwa na kuta za turubai, hupunguza tatizo hilo kwa sababu paa hukaa chini safarini. Vitu vizito, kama vile maji na betri, viwekwe sakafuni na upande wa mbele.

Kupachika na kushusha

Kibanda kifungwe kwenye chasisi, au kwenye vishikizo vilivyounganishwa nayo. Bati la bodi peke yake ni jembamba na huweza kuchanika. Kaza vifungo kabla ya kuondoka na uvikague tena baada ya kilomita chache za kwanza, kwani kibanda hujipanga upya kikianza kutikiswa.

Wakati wa kushusha, tafuta ardhi tambarare na uweke ubao mpana chini ya kila mguu ili usididimie. Inua miguu yote kidogo kidogo kwa zamu. Kuinua upande mmoja kwa pupa ndiko kunakoangusha kibanda. Pikapu ikishatoka, kishushe kadiri inavyowezekana kabla ya mtu yeyote kuingia. Fanyeni mazoezi mara kadhaa uani mchana, kabla ya kulazimika kufanya kazi hiyo usiku wa mvua.

Kuta, hewa na moto

Uganda ina misimu miwili ya mvua katika maeneo mengi, takriban Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mbao nyepesi ni rahisi kutengeneza na kurekebisha, lakini maji yakipenya kwenye maungio huoza kutoka ndani. Alumini na faibaglasi hustahimili mvua zaidi, ingawa hugharimu zaidi. Turubai ni nyepesi kuliko vyote, lakini hailindi vifaa dhidi ya wezi.

Madirisha yawe angalau mawili, yanayotazamana, yenye wavu wa kuzuia mbu. Katika nchi yenye malaria, wavu huo ni sehemu ya kinga, na chandarua kitandani bado kinahitajika. Jokofu la chanjo, ambazo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, liwe na betri yake isiyotumika kuwasha injini.

Sigiri ya mkaa isiingizwe kibandani hata mara moja, wala kwa ajili ya kuota moto. Mkaa unaoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Mtungi wa gesi nao ukae nje, au katika sanduku lenye tundu la hewa linalofunguka chini kuelekea nje.

Kuagiza au kutengenezewa hapa?

Vibanda vilivyoundwa viwandani huagizwa kutoka nje, na mnunuzi hulipa usafirishaji na kodi. Njia ya pili ni mafundi wa hapa. Eneo la Katwe, jijini Kampala, linajulikana kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, na kwao mteja anaweza kupata fremu inayolingana na gari lake. Udhaifu wake ni kwamba chuma ni kizito, na fundi aliyezoea mageti hupenda uimara kuliko wepesi. Mpe kikomo cha kilo kwa maandishi, na kibanda kipimwe kabla ya malipo ya mwisho.

Wanaofikiria kuagiza pikapu iliyotumika wakumbuke kwamba, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, Uganda hairuhusu kuingiza magari mengi yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yaundwe. Kabla ya kufunga kibanda, wasiliana pia na wakaguzi wa magari wa polisi na kampuni yako ya bima.

Wakati mwingine jibu ni hapana

Si kila msafiri anahitaji kibanda. Hema la kukunjwa linalofungwa juu ya gari huwa na kilo kati ya 50 na 80 hivi, na linawatosha watu wawili wanaolala usiku mmoja mmoja njiani. Kibanda cha kupachika kina maana pale timu inapokaa mahali pamoja kwa siku kadhaa, na pikapu inahitajika kwa kazi nyingine.

Maswali matano kabla ya kulipa

• Gari langu linaruhusiwa kubeba kilo ngapi, na hubaki ngapi baada ya watu, maji na vifaa?
• Kitovu cha uzito wa kibanda kiko mbele au nyuma ya ekseli ya nyuma?
• Kibanda kitafungwa kwenye chasisi au kwenye bati la bodi?
• Je, watu wawili wanaweza kukishusha kwa usalama bila msaada wa fundi?
• Kikiharibika mbali na Kampala, nani anaweza kukitengeneza?

Asiyepata jibu la swali la kwanza asiendelee na mengine. Gharama ya kupima gari kwenye mizani ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya timu ya afya kupinduka ikiwa njiani kwenda kuwahudumia wengine.