Mpelelezi Hakuwa Askari

Watunzi wa filamu za kejeli kuhusu ufisadi wanaweza kuvutiwa na shujaa aliyewahi kuwa polisi. Mtu huyo anajua faili ziko wapi na nani anakula na nani, na akishavua sare ana uhuru wa kuropoka. Lakini mpeleke Kericho au Bomet, Kenya, kwenye mashamba makubwa ya chai, uone atakavyokwama. Mwanamke anatafuta kibarua cha kuchuma majani, na anayeamua nani aandikwe ni msimamizi au mkandarasi. Kinachodaiwa wala si pesa, ni ngono. Risiti haipo, shahidi hayupo. Ni neno la kibarua dhidi ya neno la bosi.

Filamu iliyolitikisa eneo hilo Februari 2023 haikuwa ya kubuni. BBC ilizungumza na wanawake zaidi ya 70 waliosema wamenyanyaswa kingono na wasimamizi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Mpelelezi wa filamu hiyo alikuwa mwandishi wa kike aliyepewa jina la Katy, akaenda kuomba kazi na kamera ya siri mwilini. Usaili mmoja aliitiwa hotelini, chumbani.

Kuna sehemu moja ambayo mtunzi wa kejeli angeifuta akidhani ametia chumvi mno. Meneja wa shamba la Unilever anawahutubia wafanyakazi wapya kwamba kampuni haivumilii hata chembe ya unyanyasaji wa kingono. Jioni hiyohiyo anamwita Katy kwenye baa ya hoteli na kumtongoza. Unilever ilikuwa imekabiliwa na madai kama hayo zaidi ya miaka 10 kabla, ikaweka taratibu za kupokea malalamiko. Baada ya kamera, wasimamizi walisimamishwa kazi mara moja. (Karatasi za malalamiko, inaonekana, hazina macho.)

Na polisi wa kweli anayefichua? Bernard Kiriinya, konstebo aliyeieleza Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu jinsi wenzake walivyowaua washukiwa, alipigwa risasi Nairobi Oktoba 2008. Nadhani ndiyo maana vichekesho vyetu, kama Inspekta Mwala, humcheka askari aliye kazini na kumwacha aliyeacha kazi akazungumza. Anayeandika filamu ya Kericho ampe polisi wake mstaafu kazi ndogo tu: kumtafutia Katy mahali salama pa kulala.