Moyo unapowaka: namna ya kuutuliza kabla ya mkono kutenda

Leo hatutaongea juu ya mikutano ya wakubwa. Tutaongea juu ya vita vidogo vinavyoanza ndani ya kifua cha mtu mmoja, kwa sababu mara nyingi ndivyo vinavyokwenda kugombanisha majirani.

Tuchukue jambo tunaloliona kila siku. Watu wamepanga mstari kwenye bomba tangu alfajiri. Mama mmoja yuko wa tano. Ghafla anaona bidoni ngeni imesukumwa mbele ya ile yake. Moyo unapiga, masikio yanapata moto, na neno linamtoka. Neno hilo si juu ya bidoni. Ni juu ya kabila la mwenye bidoni. Dakika mbili baadaye maji yamesahauliwa. Wanaume wamefika, kila mmoja amesimama upande wa watu wake. Ninyi viongozi mnajua kesi za namna hii zinavyokwisha, na ni nani anayeamshwa usiku kuja kuzizima.

Kuna elimu inayoshughulika hasa na dakika mbili hizo. Wataalamu wanaiita tiba ya mwenendo ya kidialektika. Jina ni refu, msiliogope. Aliyeianzisha ni mama Mmarekani, Marsha Linehan, aliyekuwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Alikuwa akitunza watu ambao uchungu wa moyo uliwazidi hata wakataka kujiua. Mwaka 1991 alitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya tiba yake, na mwaka 1993 akatoa kitabu. Mwaka 2011 akasema hadharani jambo ambalo wengi hawakulijua: yeye mwenyewe, akiwa msichana wa miaka 17, alilazwa zaidi ya miaka miwili katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Basi si mtu aliyesimulia moto akiwa mbali nao.

Tuseme ukweli: elimu hii haikutungwa kwa ajili ya watu waliokimbia vita, na haitamrudishia mtu nyumba. Lakini mazoezi yake ya kila siku hayaombi dawa wala pesa, na mengi yanafaa chini ya shitingi kama yanavyofaa katika nyumba ya matofali.

Hilo neno dialektika, hapa maana yake ni kwamba mambo mawili yanayoonekana kupingana yanaweza kuwa kweli yote mawili. "Sikuyataka haya yaliyonipata." Ni kweli. "Kesho ni mimi nitakayeamka kuwatafutia watoto chakula." Hilo nalo ni kweli. Mtu akishika la kwanza peke yake, atakaa akilia mpaka jua linazama. Akishika la pili peke yake, atajibebesha mizigo kama punda, na siku moja atalipuka juu ya mtoto aliyemwaga uji. Linehan anafundisha kushika yote mawili, moja kwa kila mkono.

Turudi pale bomba. Yule mama angefanya nini? Kwanza, asimame kabisa. Asiguse bidoni, asifungue kinywa. Pili, arudi nyuma hatua moja, kwa miguu yake kweli, si kwa mawazo tu. Tatu, atazame: mwilini mwangu kuna nini? Mbele yangu kuna nani? Labda ni mtoto wa miaka minane aliyetumwa na bibi yake mgonjwa. Nne, ajiulize: nimekuja hapa kutafuta nini, maji au ugomvi? Ndipo aseme au atende. Mambo haya yote hayazidi muda wa kujaza chupa moja.

Mtaniambia: hasira yangu hainipi nafasi hiyo. Ni kweli, kuna hasira na hofu ambazo mwili umezishika kabla akili haijafika. Hapo usibishane na mawazo, anza na mwili. Inama, shika pumzi, na utie uso ndani ya maji baridi kwa muda wa kuhesabu mpaka 30. Kama maji ni haba, kitambaa kilicholowa juu ya macho na mashavu kinasaidia. Mwili wa binadamu umeumbwa hivyo: uso ukiingia katika maji baridi na pumzi ikishikwa, moyo unapunguza mwendo. Mwenye ugonjwa wa moyo asifanye hivyo bila kumwuliza mganga wa kituo cha afya. Yeye atumie pumzi: avute hewa akihesabu mpaka 4, aitoe polepole akihesabu mpaka 6, kwa dakika chache. Ile pumzi ya kutoka, iliyo ndefu zaidi, ndiyo inayotuliza.

Zoezi lingine ni kuhakikisha habari. Hofu inasema, "Wanakuja kutuua." Uliza: nimeona nini kwa macho yangu? Nimesikia kwa nani, naye alisikia kwa nani? Katika nchi yetu uvumi mmoja umeweza kuhamisha kijiji kizima usiku. Ukikuta hofu haina msingi, fanya kinyume cha inavyokuambia: inakuambia ujifiche usimsalimie jirani, wewe nenda ukamsalimie. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Kama hatari ipo kweli, hofu inafanya kazi yake. Risasi zikilia karibu, chukua watoto ukimbie. Hakuna mwalimu wa elimu hii anayemwomba mtu akae apumue mbele ya bunduki.

Wataalamu wanasema pia tutunze mwili kwa chakula na usingizi, maana mwenye njaa na asiyelala huwaka upesi. Kumwambia hivyo mtu anayekula mara moja kwa siku ni karibu na tusi, kwa hiyo sitaendelea. Nasema moja tu: kanyanga haileti usingizi wa kweli. Inaazima utulivu wa jioni na kuutoza nyumba nzima usiku wa manane.

Sasa nageukia viongozi, kwa maana hapa ndipo naona faida kubwa zaidi. Februari 2025 makambi ya kando ya Goma yalivunjwa, na familia nyingi zikarudi vijijini. Kuna waliokuta nyumba zimebomolewa. Wengine bado wanakaa kwa jamaa, watu kumi katika chumba kimoja. Tufikiri papa mmoja amerudi, akakuta mtu mwingine amepanda maharagi katika shamba lake. Anakuja kwa shefu akitetemeka. Shefu mwenye haraka atamwambia, "Tulia, papa, vita imetuumiza sote." Maneno mazuri, lakini yule papa anasikia kwamba uchungu wake si kitu. Atapaza sauti zaidi ili uonekane.

Linehan anafundisha kutambua uchungu wa mtu kabla ya kumshauri. "Shamba ambalo baba yako alilima, kukuta mwingine amelipanda, yeyote angewaka." Kusema hivyo si kumpa kesi. Shefu hajasema shamba ni la nani; amesema tu kwamba hasira hii inaeleweka. Na yule aliyepanda, ambaye huenda naye alifukuzwa kwao, anastahili kusikilizwa vilevile. Mwenye kusikilizwa hana haja ya kupiga kelele.

Papa naye ana namna ya kusema kwenye barza. Aeleze jambo bila matusi: "Niliondoka, nimerudi, nimekuta maharagi." Aseme linavyomwumiza. Aombe kitu kimoja kinachoeleweka: "Naomba mavuno haya yakitoka, shamba lirudi kwangu." Aonyeshe faida kwa wote wawili: mwenzake hatapoteza jasho lake. Wakimvuta kwenye habari za makabila, arudie ombi lake, sauti ileile. Na awe na la kupunguza mfukoni, kwa mfano kugawana mavuno.

Linabaki neno gumu: kukubali. Wengi wanalikataa, na nawaelewa. Kukubali katika elimu hii si kusema waliochoma nyumba walifanya vema. Si kusamehe, wala si kuacha kudai haki. Ni kuacha kupigana na jambo ambalo limekwisha kutokea: nyumba iliungua, mwanangu hayupo. Anayekataa kwamba limetokea hawezi hata kuandika mashtaka yake. Kukubali huku hakuji mara moja. Kunakuja asubuhi, kunapotea jioni, unaanza tena.

Mazoezi haya yote hujifunzwa siku ya utulivu, kama vile mtoto wa kando ya ziwa anavyofundishwa kuogelea kabla mtumbwi haujapinduka. Jaribuni pumzi leo usiku na watoto.

Na kuna uchungu unaopita uwezo wa mazoezi: anayesema anataka kufa, asiyelala majuma mengi, anayesikia sauti, aliyetendewa ukatili wa mwili. Huyo msimwache peke yake, wala msimcheke. Aliyetendewa ukatili afikishwe kwenye kituo cha afya siku ileile ikiwezekana, maana dawa nyingine zina muda wake, saa 72. Wengine nao waanzie kituo cha afya cha karibu. Kwa wagonjwa wa akili kuna pia nyumba za Mabruda wa Karita: Tulizo Letu mjini Goma, na SOSAME mjini Bukavu. Ukimpeleka mtu, keti naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe.